Shingo ya Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na wateja wake wote wanamwita Taratibu. Jina hilo alipewa na bwana mmoja aliyeingia kunyolewa ndevu huku ameacha gari linanguruma nje, akatoka akakuta mafuta yamekwisha. Hapo pana chumvi kidogo, lakini kidogo tu. Mume wangu akishika shingo ya mtu hana haraka. Ataipaka povu, ataifuta, ataipaka tena, atavuta ngozi kwa kidole gumba, ndipo wembe ushuke. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili katika chumba kile kile, na hajawahi kumkata mtu isipokuwa mmoja aliyepiga chafya, na huyo alijitakia.

Mimi ni msusi. Chumba changu na chake vinapakana, na katikati kuna uwazi usio na mlango, kwa sababu mlango wenyewe tuliung'oa mwaka wa kwanza ili waya wa mashine zangu za kukaushia nywele upite. Kwa hiyo kila linalosemwa kwake nalisikia, na kila linalosemwa kwangu analisikia, ingawa yeye hujifanya kiziwi. Watu wanatuuliza tunawezaje kushinda pamoja na kulala pamoja bila kuchokana. Nawajibu kwamba tunachokana vizuri tu.

Nataka kueleza habari ya shingo yake, kwa sababu mtaani wanaisimulia sana na kila mmoja anaiharibu kwa namna yake.

Aliyeona kwanza ni Mwalimu. Huyu ni mzee mstaafu, alifundisha hesabu maisha yake yote, na huja kwetu kila Jumatano. Mtu akilazwa kwenye kile kiti cha kunyolea, macho yake yanatazama juu, na kilicho juu yake ni shingo ya kinyozi. Mume wangu alikuwa anajinyoa kila asubuhi mbele ya kioo na hakuona kitu. Mwalimu, chali, povu limemfika masikioni, akasema kuna kitu kwenye koo la fundi kinapanda na kushuka kila akimeza mate. Mume wangu akacheka, akasema kila mwanamume ana kongomeo. Mwalimu akamjibu kwamba kongomeo halikai pembeni.

Ilikuwa kansa ya tezi ya shingo. Nalitaja neno lenyewe kwa sababu mwaka ule hakuna aliyelitaja. Wifi yangu alisema "ule ugonjwa." Jirani alisema "hiyo hali," na kushusha sauti kana kwamba hiyo hali ingemsikia. Daktari wa kwanza tuliyemwona alisema kuna kansa na kansa, na hii ni pole kuliko wenzake. Nikamwuliza kama yuko tayari tumwachie yeye, kwa kuwa ni pole hivyo. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Walimfanyia upasuaji, wakaitoa tezi yote. Baadaye wakampa kidonge cha mionzi cha kumalizia mabaki, na akakaa siku saba peke yake katika chumba cha binti yetu, sahani yake mbali, kijiko chake mbali, mimi nazungumza naye nikiwa nimesimama mwisho wa ukumbi. Tangu hapo kila asubuhi anameza kidonge kingine, kidogo, kinachofanya kazi ya ile tezi iliyotolewa. Anakimeza tumbo tupu, na chai yake lazima isubiri saa nzima. Watu walikuja na pole, wakarudi na hongera, na sisi tukadhani mambo yamekwisha.

Hatukuambiwa habari ya kadi. Au tuliambiwa, hatukusikia. Kila mwaka kwenye kadi yake ya hospitali huandikwa tarehe: damu ichukuliwe, shingo ipigwe picha ya ultrasaundi, daktari aangalie kama kuna kilichorudi. Shughuli yenyewe ni ya asubuhi moja tu, lakini kwetu huanza wiki tatu kabla.

Zikibaki wiki tatu mume wangu hubadilika. Hasemi anaogopa. Anachofanya ni kupanga droo zilizopangwa, kunoa visu ambavyo havijapoteza makali, kunionyesha mara ya kumi funguo za akiba zinakaa wapi. Kisha mkono unapanda shingoni. Anaosha brashi, mkono uko shingoni. Anasubiri maji yachemke, mkono uko shingoni. Mwaka wa pili wasiwasi ukahamia kwa wateja. Akimaliza kumnyoa mtu anamwambia, meza mate. Mtu anameza. Meza tena. Dereva mmoja alimwuliza kama amekuja kunyolewa au kulazwa. Wawili aliowasukuma waende hospitali walikutwa wazima kabisa, na hawakurudi kwake.

Na mimi je? Mimi nina mdomo, sikatai, mtaa mzima unanijua. Lakini kwa jambo hili nilikuwa bubu kumshinda. Niliona kazi yangu ni kujikaza. Nilipiga kelele kuhusu taulo zisizokauka, kuhusu bomba linalovuja, kuhusu wifi yangu anayepiga simu kila siku kuuliza "vipi hali," ili mradi nisipige kelele kuhusu lile moja.

Ujinga wetu mkubwa tuliufanya mwaka jana, kwenye kipimo cha tatu.

Ulianza kama kawaida, wiki tatu kabla, ila safari hii mume wangu aliongeza jipya. Akaanza kujinyoa mara mbili kwa siku, asubuhi wakati anasubiri chai na tena mchana baada ya kula. Nilidhani amejipenda uzeeni. Nikamtania kwamba akipata mke mdogo aniletee mimi nimsuke. Hakucheka, na hilo peke yake lilipaswa kunifungua macho.

Sasa, kinyozi hawezi kujinyoa kisogo. Kila Jumamosi jioni, wateja wakiisha, hukaa kwenye kiti chake mwenyewe na mimi namnyoa nyuma ya shingo. Ndiyo kazi pekee ninayoruhusiwa kuifanya upande wake, na huwa ananisimamia kama mwanafunzi: legeza mkono, usikandamize, fuata unywele unakoelekea. Jumamosi hiyo zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Nikiwa nafuta povu, kidole changu kiligusa kitu upande wa kushoto, chini ya sikio. Kilikuwa cha mviringo, ukubwa wa punje ya harage, kikateleza chini ya ngozi. Nikaendelea kufuta. Nikapaka spiriti, nikamwambia tayari. Akasema ahsante. Nikaenda upande wangu, nikafungua bomba na kuosha bakuli lililokuwa safi.

Sikumwambia. Nilijiambia atajua siku ya kipimo, kwa nini nimwibie siku kumi na mbili za amani? Amani ipi, sijui, maana mwenyewe alikuwa anazunguka dukani kama mtu aliyepoteza funguo. Tangu siku hiyo sikupita karibu naye bila kutafuta kisingizio cha kumgusa. Una povu hapa. Kola yako imekunjika. Ngoja nikutoe unywele. Kidole kinaenda pale pale, kinabonyeza, kinauliza: kimekua? Kimepungua? Asubuhi nilikiona kikubwa, mchana kidogo, jioni kikubwa tena. Nilisuka watu vibaya siku hizo. Mama mmoja nilimgawa nywele nikamtoa na njia iliyopinda toka utosini mpaka sikioni, na kwa heshima yake hakusema kitu mpaka alipofika kwake.

Naye hakuwa anapumzika. Kujinyoa mara mbili kukawa mara tatu. Shingo ikajaa vipele, nikamwambia anajichubua, akasema ni wembe mpya. Halafu Jumatatu, huku anakunja taulo na kutazama pembeni, akaniambia hospitali wamepiga simu. Mashine ya picha imeharibika. Kipimo kimesogezwa mbele mwezi mzima.

Niseme ukweli ingawa haunipendezi: nilifurahi. Nilipewa mwezi mzima ambao hakuna mtu angetuambia kitu. Sikuuliza mashine ipi wala nani amepiga. Mimi, ambaye nikiambiwa mkate umeisha dukani naenda kuhakikisha mwenyewe, niliamini papo hapo na nikaimba siku ile nikifagia nywele.

Jumatano simu yangu ikaita. Alikuwa muuguzi wa kliniki, sauti ya mtu mwenye orodha ndefu mbele yake. Alisema amempigia mgonjwa mara tatu, hapokei, na namba yangu ndiyo ya pili kwenye faili. Anakumbusha tu: kesho, saa tatu asubuhi, aje na kadi. Nikamwuliza kama mashine imeshatengenezwa. Akaniuliza mashine gani.

Nilimwacha mteja wangu na kichwa nusu, nikapita kwenye uwazi. Mume wangu alikuwa amemlaza Mwalimu, shavu moja limeshanyolewa, la pili lina povu. Damu ilikuwa inanichemka na nilikuja kupayuka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, hata mimi niliishangaa.

"Kesho saa tatu," nikasema. "Wamenipigia mimi."

Hakugeuka. Aliinua wembe kutoka shavuni kwa Mwalimu na kuushika hewani.

"Sitaenda."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema binti yetu ana mitihani, amalize kwanza. Akasema kazi ni nyingi wiki hii. Nikasubiri, nimejishika kiuno. Sababu zikamwishia, akawa anatazama kioo badala ya kunitazama mimi.

"Nikienda watasema," akasema. "Nisipoenda, bado mimi ni mzima."

Sikuwa nimepanga kusema nililosema. Lilitoka lenyewe.

"Upande wa kushoto. Chini ya sikio."

Akageuka. Uso ulikuwa umemshuka wote.

"Umejuaje?"

"Nilikigusa Jumamosi ile nilipokunyoa kisogo. Leo siku ya kumi na moja."

"Mimi ya kumi na tatu," akasema.

Nikakumbuka kola zote nilizomnyoosha na mapovu yote niliyomfuta ambayo hayakuwepo, na jinsi alivyokuwa akitulia tuli kila nikimgusa, hapumui. Alikuwa anaomba nisikione. Mimi nilikuwa naomba asijue nimekiona. Siku kumi na moja watu wawili wanakula sahani moja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho wote wawili wamekishika kwa vidole. Hasira niliyokuja nayo ilikosa pa kwenda. Nikaanza kulia, kwa sauti, mbele ya mteja, mimi ambaye sikulia hata siku ya upasuaji.

Mume wangu aliweka wembe mezani akanishika. Mikono yake ilikuwa imejaa povu. Akaniambia anaogopa. Alisema hivyo tu, naogopa, mke wangu, naogopa sana, na nilipomsikia nikajua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nangoja aseme yeye kwanza ili na mimi nipate ruhusa. Nikamwambia na mimi naogopa. Tukakaa chini pale pale, kwenye benchi la wanaosubiri.

Mwalimu alijifuta povu mwenyewe, akapapasa meza mpaka akapata miwani yake, akatoka bila kuaga. Siku mbili nzima alitembea na ndevu upande mmoja. Waliomwuliza aliwajibu kwamba kinyozi wake amepata shughuli ya kifamilia.

Alhamisi tulifika saa mbili, saa nzima kabla. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, mmoja akitikisa goti wote tunatikisika, na kila mtu alikuwa anatikisa goti. Mume wangu alikuwa amejinyoa tena asubuhi ile, mara ya mwisho, alisema hawezi kwenda kwa watu na shingo chafu. Nilimwachia.

Mpiga picha alimpaka ile jeli ya baridi, akaanza kupitisha kifaa taratibu, kulia, katikati, kushoto. Skrini ilikuwa ya kijivu, sisi hatuielewi na yeye haielezi, kwa hiyo nikamsoma yeye uso. Uso wake haukuwa na habari. Alipofika chini ya sikio la kushoto alisimama, akarudi, akabonyeza vitufe, akarudi tena. Mume wangu alinibana mkono mpaka pete ikaniuma mfupani.

Daktari wetu wa sasa ni mwanamke asiyepoteza maneno. Alitazama picha, akaziweka chini, akawasha taa ya mezani na kuinua kidevu cha mume wangu. Akamtazama shingo muda mrefu kuliko alivyotazama picha.

"Mzee, nani anakunyoa?"

Mume wangu akajibu, tena kwa fahari kidogo, masikini ya Mungu, kwamba anajinyoa mwenyewe, ndiyo kazi yake.

"Mara ngapi kwa siku?"

Akasema mara mbili. Nikamkazia macho. Akasema mara tatu. Daktari akataka kujua kuna nini cha kunyoa mara tatu. Ikabidi mume wangu aseme kweli, kwamba ngozi ikiwa safi anakiona vizuri kwenye kioo, na kukishika, ajue kimefika wapi.

"Na mbali na wewe, nani mwingine anakishika?"

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Daktari alituuliza kama hatujawahi kumwona mtu mwenye kidonda cha mguu akatokwa na mtoki kwenye paja. Nani hajawahi? Akasema shingo nayo ina mitoki yake. Ngozi hii imekwanguliwa kwa wembe mpaka imeota vipele, viwili vina usaha, na mwili umetoa mtoki kupambana na usaha huo, kama unavyotakiwa. Halafu wanakuja watu wazima wawili kuubonyeza kutwa kucha, utapunguaje? Kwa umbo lake kwenye picha unafanana na mtoki wa kawaida. Lakini kwa mtu aliyepitia aliyopitia yeye, daktari alisema, hawezi kubahatisha. Atachukua damu leo, atampa dawa ya vipele, na baada ya wiki sita atapiga picha nyingine. Ukiwa bado upo ulivyo, atauingizia sindano aupime. Wiki hizo sita wembe usiguse shingo, na mikono isiguse shingo.

"Mikono yako," akamwambia mume wangu. Kisha akanigeukia. "Na yako pia, mama."

Tulipofika nje kwenye ngazi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tulikuwa tumeuotesha wenyewe! Yeye kwa wembe, mimi kwa kidole, tumeuotesha na kuulea kwa bidii ya ajabu. Yeye hakucheka. Yeye alibaki na yale maneno ya "ukiwa bado upo."

Jioni tulimpigia binti yetu chuoni, mitihani au si mitihani. Tulishachoka kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akatuambia sote wawili tungekuwa watoto angetuchapa. Baadaye nikasikia anapenga kamasi.

Ndevu zikaota. Wiki ya pili kinyozi alikuwa na ndevu za kueleweka, na ndani yake mvi ambazo hakujua anazo. Wateja hawakumhurumia. Mmoja alimwuliza kama wembe umepigwa marufuku, mwingine akajitolea kumnyoa. Alivumilia. Mikono ndiyo iliyomtesa. Wiki nzima ya kwanza alitembea ameifunga nyuma kama mkaguzi wa shule. Vidole vyangu vilikuwa vinaniwasha, na kila nilipomwona anainama nilijikuta nimenyoosha kidole, nikakirudisha.

Lakini taabu kubwa ilikuwa ile saa ya asubuhi, kati ya kidonge na chai. Miaka yote aliitumia mbele ya kioo. Sasa kioo hakina kazi. Asubuhi ya kwanza alikaa jikoni, akasimama, akakaa, akanisogezea sufuria ambayo sikuihitaji. Nikaona atanitia wazimu, nikavuta kiti nikakaa naye. Tulizungumza habari za paa. Ya pili, habari za paa tena. Ya nne akaniambia, anatazama birika, kwamba ameshachagua mtu wa kumwachia kiti chake cha kunyolea.

Nikamwambia kile kiti hakuna mtu atakayekitaka, pedali yake ilikufa zamani. Akatabasamu. Kisha nikamwambia na langu, lile nililokuwa nalionea haya kuliko yote. Nilikuwa nimemkasirikia. Namkasirikia kwa kuugua, na kila kadi ikikaribia namkasirikia kwa kufa, na wala hajafa. Nakaa nasuka na kuwaza kwamba siku moja nitanyamaza upande wangu na upande wa pili hakutakuwa na maji yanayochuruzika wala brashi inayogongwa kwenye kikombe, na namchukia kwa hilo. Nilidhani ataumia. Alifikiri kidogo, akasema hata yeye angekasirika.

Basi ikawa ndiyo saa yetu. Kila asubuhi kila mmoja alisema hofu yake imeamkaje. Leo kubwa. Leo ndogo. Leo imenikuta bafuni. Chai ikimiminwa tunafunga mazungumzo hayo, na mwenye kuongeza neno anaosha vyombo. Wiki ya pili majibu ya damu yalitoka, safi, hakuna alama ya kansa. Tulilala usingizi mzuri siku mbili. Siku ya tatu akaamka akasema imerudi, anajua haina sababu, lakini imerudi. Zamani ningemwambia acha hizo, majibu si umeyaona? Nilimwuliza imerudi kubwa au ndogo.

Hata wifi yangu alipopiga na "vipi hali" yake, mume wangu alichukua simu akamjibu kwamba leo anaogopa kiasi. Dada mtu akaanza kulia huko aliko. Kumbe ndiyo maana alikuwa anapiga kila siku, na mimi nilikuwa namwita mbea.

Wiki ya sita mpiga picha alitafuta chini ya sikio, akatafuta tena, ikabidi amwombe ageuze kichwa. Daktari alisema mtoki umenywea mpaka umekuwa mdogo kama chembe ya mchele, na mtu yeyote barabarani anao wa namna hiyo. Hakuna sindano. Anaweza kupunguza ndevu kwa mashine, wembe awawekee wateja. Akaandika tarehe kwenye kadi, mwaka mmoja mbele, akatuaga.

Nilikuwa tayari kupiga vigelegele ukumbini. Lakini mume wangu alikaa kwenye vile viti vya plastiki, kadi iko mkononi, anaisoma ile tarehe.

"Mwakani nitaogopa tena," akasema. "Nilidhani safari hii itakwisha."

Nilikuwa na maneno yote ya watu mdomoni. Shukuru. Usijiumize. Mbona uko vizuri. Nimeyasikia miaka mitatu na hayajamsaidia hata siku moja. Nikakaa karibu naye, viti vikatikisika.

"Na mimi nitaogopa," nikamwambia. "Siku itakapoanza, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Usishike wembe kwanza."

"Na wewe?"

"Na mimi nitakwambia."

Tarehe ile ya kwenye kadi ni mwezi huu, bado wiki mbili na siku chache. Jumanne iliyopita nilikuwa na mteja, nimefika nusu ya kichwa chake, na mume wangu alikuwa na wake kwenye kiti. Nikasikia maji yamefungwa. Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye uwazi, anajifuta mikono.

"Imeanza," akasema.

"Kwangu tangu Jumapili."

Akauliza mbona sikumwambia, wakati tuliahidiana. Nikamjibu kweli, kwamba niliona haya kuwa wa kwanza. Akavuta stuli akakaa karibu nami, na mteja wake huko upande wa pili alisubiri mpaka tulipomaliza.